Mliuliza kuhusu Tina Turner, haya tuongee

Toleo lililopita nilimgusia Tina Turner kidogo tu, nilikuwa naongelea waimbaji wanaojua kuiteka steji, basi mkanijazia meseji kwelikweli. Asanteni. Ila niwe mkweli, meseji nyingi zinamuulizia Ike Turner, mumewe wa zamani aliyekuwa pia kiongozi wa bendi yake. Ike alimfanyaje, Ike alikuwa mtu wa aina gani, Ike aliishia wapi, utadhani yule mama aliishi miaka 83 ili tu awe mke wa mtu. Na hilo jambo lilimchosha sana enzi za uhai wake, mwaka 1986 alitoa kitabu cha maisha yake na mwandishi Kurt Loder akitegemea kwamba akishasema yote waandishi watamuacha, matokeo yake ndo wakazidi kuuliza. Kwa hiyo mimi habari za Ike nitajibu pale inapobidi, halafu turudi kwenye kazi, maana kazi ndo imenifanya nimpende.

Kaka, nimekua namsikia redioni naona ni soul na pop tu. Hilo la Malkia wa Rock limetoka wapi, au ni sifa za bure? – Mpenda Gitaa

Sio za bure. Anna Mae Bullock, hilo ndo jina alilozaliwa nalo tarehe 26 Novemba 1939 huko Brownsville, jimbo la Tennessee, amekulia Nutbush, sehemu ya mashamba ya pamba, na kuimba ameanzia kwaya ya kanisa la Baptist. Kwa hiyo ukisikia kanisa na blues kwenye sauti yake husikii vibaya, vipo. Lakini rock yenyewe si imetokea huko huko? Wazungu wengi waliokuja kuitwa magwiji wa rock walikuwa wanasikiliza sahani za watu weusi wa kusini mwa Marekani ndo wakajifunza, hakuna siri hapo.

Angalia mambo yalivyokwenda. Mwaka 1966 yeye na Ike walizunguka Uingereza wakifungua shoo za bendi ya Rolling Stones, 1969 wakafanya hivyo hivyo Marekani. Mwaka 1967 jarida la Rolling Stone lilikuwa changa kabisa, toleo lake la pili tu, na picha ya jalada ni Tina. 1973 akaandika mwenyewe wimbo wa kijijini kwao, "Nutbush City Limits", usikilize lile gitaa la mwanzo halafu uniambie kama hiyo ni pop. 1975 akacheza kwenye filamu ya Tommy, ile iliyotokana na kazi ya bendi ya The Who. Halafu tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kike wa rock alibeba mara tatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987, akaja kubeba tena 1989. Mara nne bana, kwenye kipengele cha rock chenyewe, sio cha soul wala R&B.

Shida ilikuwa lebo, yaani kampuni za rekodi, na redio za kule, walishazoea kwamba mwanamke mweusi kazi yake ni R&B na mzungu mwenye gitaa ndo rock. Yeye alipoanza kujitegemea alimwambia meneja wake kwamba anataka kujaza viwanja kama Stones, na kwa mwanamke mweusi wa umri wake wakati ule hiyo ilikuwa kama kuomba mwezi.

Samahani najua utakasirika, lakini tuseme ukweli, bila Ike kungekuwa na Tina? Si ndo aliyemtengeneza? – Msema Kweli

Sikasiriki ndugu yangu, ni swali halali ila linahitaji majibu mawili.

La kwanza, Ike Turner kimuziki hakuwa mtu mdogo. Alikuwa na bendi yake ya Kings of Rhythm kabla hata Tina hajafikiria kushika maiki, anajua kupiga, anajua kupanga vyombo, nidhamu ya bendi kaisimamia kama mwanajeshi. Tina alijifunza hapo jinsi shoo inavyoendeshwa, na hakuwahi kukataa hilo. Bibi yake alipofariki alihamia St. Louis kwa mama yake akiwa na miaka 16, dada yake Alline ndo aliyemzoesha kwenda klabu ya East St. Louis ambako Ike alikuwa anapiga. Binti akawa anaomba aimbe, Ike anamzungusha tu. Siku moja mwaka 1957, wakati wa mapumziko, mpiga ngoma akampelekea Alline maiki kwa utani, Alline akaikataa, mdogo mtu akaidaka akaanza kuimba wimbo wa B.B. King pale pale mezani alipokaa. Ike aliposikia akashangaa sauti ile inatokea kwenye mwili mwembamba vile.

Jibu la pili, sasa. Wimbo uliowatoa, "A Fool in Love" wa 1960, haukuwa wa Tina kabisa. Aliandikiwa mwimbaji mwanaume, siku ya kurekodi hakutokea, studio imeshalipiwa, basi Tina akaambiwa aimbe ili sauti yake ije ifutwe baadaye iwekwe ya mwanaume. Mwenye lebo ya Sue kule New York, Juggy Murray, alipousikia akasema huyu dada abaki na ndo awe mbele. Sasa nambie nani alimtengeneza nani hapo? Ike alikuwa kwenye biashara karibu miaka kumi, na aliyempeleka kwenye chati za taifa zima chini ya jina lake mwenyewe ni yule binti aliyekuwa anaimba kushikilia nafasi ya mtu.

Na jina la Tina alilitoa Ike, kweli, akalifananisha na Sheena yule malkia wa porini wa vitabu vya katuni, halafu akalisajili liwe mali yake, ili huyu dada akiondoka amuweke mwingine amuite Tina shoo iendelee. Alikuwa anajenga duka, na mwimbaji ni bidhaa kwenye shelfu. Hapa ndo penye utamu, tutaliona jina hilo tena chini.

Nyongeza kidogo kwa wanaosema Ike alikuwa nyuma ya kila kitu: mwaka 1966 prodyuza Phil Spector alitaka sauti ya Tina tu kwenye "River Deep – Mountain High", inasemekana alimlipa Ike dola 20,000 akae mbali na studio. Tina amesimulia jinsi Spector alivyomrudisha kuimba mistari ile ile mara nyingi mno, joto limejaa chumbani, jasho linatiririka, mpaka akavua blauzi akaimba na sidiria gizani. Marekani wimbo ukadoda, Uingereza ukafika namba 3. Kwenye sahani imeandikwa Ike na Tina ingawa Ike hakugusa hata waya.

Shikamoo kaka. Ni kweli alitoroka na senti 36 tu au ni chumvi za filamu? – Binti wa Chuo

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, ndivyo alivyosimulia mwenyewe miaka yote. Ilikuwa mwanzoni mwa Julai 1976, wamefika Dallas kwa shoo, wakapigana kwenye gari njiani kutoka uwanja wa ndege, na safari hii Tina akarudisha ngumi, kitu ambacho hakuwa anafanya. Nguo zake nyeupe zimejaa damu. Walipofika hotelini Ike akapitiwa na usingizi, Tina akafunga kichwa kitambaa maana uso umevimba wigi halikai, akapita mlango wa nyuma, akavuka barabara kuu kwa miguu magari yanapita kwa kasi, akafika hoteli ya Ramada ng'ambo. Mkononi ana senti 36 na kadi ya mafuta ya Mobil. Akamuomba meneja chumba, akaahidi atalipa, na meneja akampa.

Ila watu wakishafika hapo wanafunga kitabu, na mimi naona sehemu ngumu ndo inaanzia hapo. Bendi ilikuwa katikati ya ziara, shoo zikafutwa, mapromota wakataka fidia na madeni mengine yakamwangukia yeye. Alikaa kwa marafiki, akawa anafanya usafi wa nyumba zao kama shukrani, kuna kipindi aliishi kwa kuponi za chakula za serikali. Talaka ikakamilika 1978 na mahakamani hakutaka nyumba wala mgawo, alitaka magari mawili ya Jaguar, na jina lake, lile lile ambalo mwenzake alilisajili ili amdhibiti nalo. Wanasheria wengi wangemwambia ni mjinga huyu. Mimi naona alikuwa mfanyabiashara kuliko wote waliokuwa ndani ya chumba kile, sababu nyumba inaliwa inaisha ila jina la Tina Turner lilikuwa bado halijaanza hata kuingiza hela.

Mama anasema Tina alitoboa akiwa na miaka 44 na watoto wakubwa. Mimi nina 38 naimba kwenye bendi ya mahotelini na wananiambia muda umepita. Alifanyaje? – Sauti ya Ukumbini

Dada, hili nimelipenda kuliko yote kwa hiyo nivumilie nitakuwa mrefu.

Kwanza ujue hata yeye alipita huko huko uliko. Kati ya 1977 na 1980 hivi alikuwa anaimba Las Vegas na kwenye kumbi za mahoteli, manguo ya manyoya, wacheza shoo, nyimbo za watu wengine, watu wanakula huku anaimba. Albamu alizotoa kipindi hicho hazikusikika. Lebo zilikuwa zinamuona ni staa wa zamani. Alichofanya ni kuendelea kuimba kila usiku kama vile ukumbi umejaa, kwanza madeni yalikuwa yanadai, pili sauti na mwili vikabaki kwenye mazoezi.

Mwaustralia mmoja anaitwa Roger Davies, meneja aliyekuwa anafanya kazi na mwimbaji Olivia Newton-John, akaenda kumuangalia hotelini San Francisco. Akaona moto upo ila nguo na bendi ni za zamani. Ushauri wake ulikuwa rahisi tu, toa hao wacheza shoo, toa masuti, chukua bendi ndogo ya vijana, piga rock. Mwaka 1981 akaanza kupata nafasi, mwimbaji Rod Stewart akamuita kwenye televisheni, Rolling Stones wakamchukua afungue baadhi ya shoo zao Marekani. Bado lebo zinasita. Halafu 1983 staa wa rock wa Uingereza David Bowie akawaambia mabosi wa kampuni ya rekodi waliotaka kukaa naye jioni New York kwamba yeye anaenda klabu ya Ritz kumuona mwimbaji anayempenda kuliko wote. Nao wakamfuata, wakaona.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Martyn Ware, kijana wa muziki wa kinanda cha umeme kutoka Uingereza, akamrekodi "Let's Stay Together" ya Al Green. Ikafika namba 6 Uingereza, na kampuni ya rekodi ya Capitol wakakurupuka, wanataka albamu nzima haraka. Wakaenda London, wakatengeneza Private Dancer kwa muda wa wiki chache tu, maprodyuza tofauti tofauti, Jeff Beck kapiga gitaa, wimbo uliobeba jina la albamu kaandika Mark Knopfler wa Dire Straits.

Sasa "What's Love Got to Do with It". Wimbo huu mwimbaji Cliff Richard alishaukataa. Terry Britten na Graham Lyle waliouandika wakamletea Tina, na Tina naye hakuupenda! Aliona ni mlaini mno, hauna rock. Davies akambembeleza, Britten akakubali kubadilisha ufunguo na kuupa ukali kidogo, Tina akaingia kwenye maiki. Usikilize vizuri siku ukiwa na hedifoni: hapigi kelele. Yule mwanamke aliyezoeleka kwa kuunguruma, hapa anaimba chini, sauti ina mikwaruzo lakini ameishikilia, anaachia kidogo tu kwenye kiitikio, kama mtu anayejizuia asikubali kitu anachokijua. Ukiwa na miaka 20 huwezi kuuimba hivyo, utaulilia. Septemba 1984 ukakaa namba 1 Marekani, wiki tatu, yeye ana miaka 44, na wakati ule hakukuwa na mwimbaji wa kike wa peke yake mwenye umri mkubwa hivyo aliyewahi kufika pale. Februari iliyofuata akaondoka na Grammy tatu. Albamu imeuza zaidi ya kopi milioni 10 duniani.

Baada ya hapo ni mvua tu, filamu ya Mad Max ya tatu 1985, tamasha la Live Aid kule Philadelphia akiwa na Mick Jagger wa Rolling Stones mwaka huo huo, halafu Januari 1988 uwanja wa Maracanã jijini Rio, watu zaidi ya 180,000 waliolipa tiketi, akaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Ana miaka 48 na viatu vya visigino virefu.

Kwa hiyo dada mimi siwezi kukuahidi Bowie atapita ukumbini kwako, bahati ilikuwepo na tusijidanganye. Ila ona alichobadilisha, hakubadilisha sauti, alibadilisha bendi, nguo na mtu wa kumsimamia. Anzia hapo. Nyimbo za watu wengine sio aibu vilevile, yeye zilizomrudisha nyingi hakuandika.

Ile filamu ya Angela Bassett ni ya kweli yote? – Mzee wa Sinema

Hapana, ni filamu ya 1993 ya maisha ya Tina, wamekoleza na wamefupisha, matukio mengine yamepangwa upya. Ila Bassett aliyecheza kama Tina na Laurence Fishburne aliyecheza kama Ike wote waliingia Oscar kwa kuteuliwa na walistahili. Sauti ya nyimbo unayosikia ni ya Tina, alirekodi upya nyingi ya zile za zamani kwa ajili ya filamu. Mwenyewe hakutaka kuiangalia, na ukifikiria utamuelewa, nani anataka kulipa tiketi kuona anavyopigwa?

Aliwahi kuja Afrika? – Mdau

Ndio. Tarehe 6 Machi 1971, siku ya uhuru wa Ghana, yeye na Ike waliimba Accra kwenye uwanja wa Black Star Square, tamasha la Soul to Soul, pamoja na Wilson Pickett, Roberta Flack, Staple Singers na Santana. Lilirekodiwa likawa filamu, tafuta uone jinsi alivyoingia.

Mimi ni mgonjwa wa presha, nimesikia presha ndo ilimuua. Na ni kweli mumewe alimpa figo? – Baba Mapacha

Pole sana baba. Figo ni kweli. Erwin Bach, Mjerumani, alikuwa mtu wa kampuni ya rekodi, walikutana uwanja wa ndege Ujerumani katikati ya miaka ya 80 alipotumwa kumpokea. Mdogo kwa Tina miaka 16. Walikaa pamoja muda mrefu ndo wakafunga ndoa Julai 2013 Uswisi, mwaka ambao Tina alichukua uraia wa huko. Wiki chache baada ya harusi akapata kiharusi, 2016 wakamkuta na saratani ya utumbo, na figo zikawa zinakufa, ndo Bach akampa moja ya kwake Aprili 2017.

Kuhusu presha, yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba alikuwa nayo miaka mingi, hakuichukulia kwa uzito, na akaacha dawa za hospitali akahamia tiba mbadala akidhani ndo zitamsafisha, kumbe figo zinazidi kuharibika. Miezi michache kabla ya kufariki alijiunga na kampeni ya kuhimiza watu watunze figo akasema wazi alijiweka hatarini. Amefariki 24 Mei 2023 nyumbani kwake Küsnacht, pembeni ya ziwa Zurich, baada ya kuugua muda mrefu. Kwa hiyo baba dawa zako usizibadilishe kwa maneno ya watu wala ya gazeti hili, muulize daktari wako.

"The Best" ni wa kwake? Tumebishana hapa mpaka usiku. – Meza ya Kahawa

Aliyetangulia kuurekodi ni Bonnie Tyler, 1988. Tina akaja nao 1989, akaomba waongeze kipande cha katikati na wabadilishe ufunguo, na saksafoni ile mnayoipenda kapiga Edgar Winter. Aliyesema sio wa Tina kashinda, ila ushindi wa kinyonge.

Nianzie wapi kumsikiliza? Sina muda wa albamu zote. – Mgeni

Anza na "Proud Mary" ya 1971, ila tafuta video ya jukwaani, usisikilize tu. Wimbo ni wa John Fogerty wa bendi ya Creedence, wao wakaugeuza wote. Mwanzo unaenda taratibu mno, Tina anaongea na watu kama anawasimulia, chini yake Ike anaitikia kwa sauti nzito, gitaa linanong'ona, unaweza hata kudhani wamechoka. Halafu ngoma zinapiga mara moja, tarumbeta zinaingia, na yeye na wale dada wa Ikettes, waitikiaji wao, wanaanza ile mizunguko ya mikono na miguu, nywele zinaruka, na pumzi haikati hata sekunde. Waangalie miguu, hawakanyagi ovyo, kila hatua imepangwa, na aliyekuwa anawafundisha hatua zile ni yeye Tina.

Ukimaliza nenda Private Dancer mwanzo mpaka mwisho, usirukeruke. Kisha "GoldenEye" ya 1995, ile ya James Bond waliyoandika Bono na The Edge. Za maonesho ya Las Vegas ziache mpaka uwe shabiki kabisa.

Meseji za Janis Joplin nimeziona, zinakuja toleo lijalo.